Masika ya Sailensa

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu amesema niandike. Na wala hakusema kwa wema. Alisema, "Mama, tangu asubuhi unanipigia simu kumshtaki Baba tu. Mimi niko wodini na wagonjwa wangu. Andika mahali, nikija nitasoma yote kwa pamoja." Sawa, naandika. Asije akasema baadaye kwamba mama yake anatia chumvi.

Shtaka la kwanza ni hili. Mvua zimeanza leo, na kabla ya saa sita mchana mume wangu ameshaangusha sailensa ya pikapu barabarani. Ilikuwa imeoza siku nyingi. Alikuwa ameifunga kwa waya na kuizungushia bati la kopo la rangi, na mimi nikimwambia kila siku kwamba hilo si gari, ni jalala linalotembea. Leo ameingia kwenye dimbwi lililoficha shimo, na mambo yakaishia hapo. Nilimsikia kabla hajafika kona yetu. Nilikuwa barazani nashona mapazia ya mteja, nikashtuka mshono ukaenda upande. Alishuka, akaenda nyuma ya gari, akaitoa ile sailensa akiwa ameikumbatia kwa mikono miwili.

"Imenitoka," akasema.

"Imekutoka au umeiua mwenyewe?"

"Haya," akajibu, akaingia ndani kunawa.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua kutwa. Nyumba yetu haina dari, kwa hiyo mvua ikinyesha juu ya bati tunaongea kwa kupiga kelele kama watu wa stendi. Leo nimeomba kijiko, nimeletewa ndoo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda naye kwa Fundi Moshi. Nilikuwa nahitaji uzi, na duka la uzi liko ng'ambo ya pale. Huyu Fundi Moshi anachomelea mabomba ya magari chini ya turubai, kando ya barabara. Nyusi zake zimeungua kitambo na hazijarudi. Sailensa amezitundika ukutani, kubwa kwa ndogo, kama mwenye bucha.

Alituteremshia tatu. Moja ndefu, nene, ya kutoka kwenye gari lililobomolewa, akasema hiyo ni ya watu wanaopenda amani. Ya pili ya wastani, mpya, ina kikopo kingine kidogo mbele yake. Ya tatu fupi, inang'aa, mdomo mpana. "Hii ya spoti," akasema, "hii mzee wangu nakuonyesha tu. Ni ya vijana."

Mume wangu akataka zote zijaribiwe. Fundi akawa anaifunga moja kwa kamba na vibano, gari linawashwa, anafungua, anafunga nyingine. Nami nimekalia debe nikihesabu mapazia ambayo sijashona. Nilimwona mwenzangu jinsi anavyofanya. Anaingia ndani, anashika gia, anainamisha kichwa upande wa dirisha na kufumba macho. Kwa ile ndefu alitikisa kichwa. Kwa ile ya wastani akakunja uso. Ilipowashwa ya spoti, yule muuza viatu wa jirani alisimama wima na kiatu cha mteja mkononi. Mume wangu akafumbua macho na kutabasamu, tabasamu ambalo sijaliona tangu binti yetu alipofaulu.

"Hii ndiyo inayosema," akasema.

"Inasema nini, Baba? Inatukana!"

"Haya," akasema, akampa Fundi mkono.

Mtu mzima, mvi mpaka kwenye masikio, anafunga sailensa ya spoti kwenye pikapu ya kubebea makochi. Nilirudi nyumbani nimeinamisha uso.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeota natembea ndani ya mashine ya kusaga.

Jumanne, 12 Machi

Jirani yetu Mwalimu ana kichanga cha miezi miwili. Kila alfajiri mume wangu akiwasha gari kwenda kwa Seremala kupakia makochi, kichanga kinaamka, na kikiamka hakilali tena. Nimekwenda kumwomba radhi Mwalimu. Ni mwanamke mpole, lakini ana ulimi.

"Mama Cherehani," akaniambia, "mimi sina neno. Ila mume akianza kuremba gari uzeeni, mwenzio ningekuwa nanusa mashati."

Nilicheka. Nikarudi nyumbani, nikanusa mashati. Yananuka dizeli na gundi ya makochi.

Ijumaa, 15 Machi

Leo niseme mazuri ya baba yako, maana haki ni haki. Amekuwa mpole. Wewe unamjua: ukimwambia leo ni Ijumaa atataka ushahidi. Miaka yote niliyokaa naye hajawahi kunikubalia neno bila kesi. Lakini siku hizi nikisema neno, ni "haya" tu. Nimemwambia geti linahitaji bawaba mpya, haya. Nimemwambia nataka kupaka sebule rangi ya bluu, haya. Nimemwambia dada yangu anakuja kukaa mwezi mzima, haya, na hapo hata hakuguna! Nikajisemea, kumbe uzee una faida zake. Nimekaa barazani najipongeza.

Geti bado halijatengenezwa. Lakini angalau hanibishii.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Mapazia hayakauki. Kichanga kinalia. Spoti inanguruma.

Jumamosi, 23 Machi

Umepiga simu, ukaomba kuongea naye. Akasema, "Mwanangu, hujambo, nakupa mama yako huyu hapa," na simu ikarudi kwangu kabla hujameza mate. Ukaniuliza, "Mama, Baba ana kinyongo na mimi? Ni kwa sababu nilisema aache kuendesha, apumzike?" Nikakwambia mvua inapiga kelele. Ilikuwa kweli inapiga kelele. Lakini baada ya hapo nilimkasirikia. Mtoto yuko mbali, anapiga simu kwa mapenzi yake, halafu unamkatia maneno kama mtu anayekudai? Nilimwambia hivyo hivyo, na alinijibu lile neno lake.

Ijumaa, 29 Machi

Mwalimu amekuja na kichanga begani. Hakuja kugomba. Alikaa kwenye kiti changu cha wateja, akasema, "Mama, nimekuja tu," na akalala hapo hapo, ameketi, mdomo wazi. Nikampokea mtoto nisije nikaokota watu wawili sakafuni. Nikashona kwa mkono mmoja mpaka alipoamka. Macho yake mekundu. Jumatatu anarudi darasani, na likizo ya uzazi imeisha.

Mume wangu aliporudi nilimkuta uani anafuta tope kwenye ile sailensa yake kwa kitambaa. Nilishika kiuno. Mvua ilikuwa imechachamaa, nikasema kwa sauti yangu yote: "Baba, chagua. Ama sailensa hiyo, ama mimi!"

Hakugeuka. Akasema, "Haya," na kuendelea kufuta.

Nimeandika hapa nimekaa kitandani. Nimejaribu kuona upande wa kuchekesha wa jambo hili na sijauona.

Jumanne, 2 Aprili

Sikumsubiri tena. Wakati anakula mchana nilichukua ufunguo mezani, nikamwita Seremala aniendeshee, tukaenda kwa Fundi Moshi. Nikamwonyesha ile ndefu ya watu wanaopenda amani. Fundi akaniuliza, "Mzee anajua?" Nikamwambia mzee ameambiwa na amesema haya, ambayo si uongo.

Jamani, utulivu! Gari lilivyofika nyumbani paka hakuinua hata kichwa. Mume wangu alitoka, akainama kuangalia chini, akaniangalia mimi. Nilitegemea vita, nilikuwa nimeshapanga majibu. Yeye alikaa kwenye kiti cha dereva na mlango wazi, mikono kwenye usukani, muda mrefu.

Alhamisi, 4 Aprili

Kichanga kimelala mpaka jua limetoka. Mwalimu ameniletea mayai.

Jambo moja. Asubuhi pikapu ilishawaka, inatetema taratibu, halafu mume wangu akazungusha tena ufunguo. Stata ikasaga, krrrr, meno yakanifa ganzi. Akazungusha tena. Nikatoka mbio nikamwonyesha kwa mkono: limewaka, limewaka! "Betri hii," akasema, na akaondoka.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Krrrr.

Jumanne, 9 Aprili

Seremala amemleta baba yako leo, gari linachemka, mvuke unatoka chini ya boneti. Akanivuta pembeni.

"Mama, mzee ana nini? Amepanda mlima wote wa hospitali na gia ya pili. Gari linalia, watu wanageuka, yeye ametulia kama hayumo. Namwambia, mzee, badilisha gia, ananitikisia kichwa."

Mtu aliyekuwa akijisifu kwamba hajawahi kutazama dashibodi! Ile mishale ya dashibodi ilikufa zamani na hakuitengeneza, maana, kama anavyosema, gari lenyewe linakwambia linataka gia gani. Basi mimi nikapata jibu haraka. Nikajua ananikomoa. Anaua injini makusudi ili niseme rudisha spoti yako. Nikasema sitasema. Ninaye kichwa ngumu nyumbani, lakini hajui kwamba miaka yote hii nimejifunza kwake.

Jumapili, 14 Aprili

Hatusemezani. Kwa usahihi, mimi simsemeshi, na yeye hajagundua.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo mvua imepumzika. Jua limetoka, bati limenyamaza, na ghafla sote tunasikika. Mwalimu anaimbia mtoto upande wa pili wa ukuta na unasikia kila neno. Mimi mwenyewe nilipofungua mdomo nilishangaa sauti yangu, nikaishusha.

Mezani mume wangu akasema, "NIPE CHUMVI!"

"Mbona unapiga kelele? Hakuna mvua."

Akanitazama mdomoni. Si usoni, binti yangu, mdomoni. Akanyanyua mkono, akachukua kikombe cha sukari nilichokuwa nimekishika, kana kwamba nimesema kitu juu ya sukari, akakirudisha mezani polepole. Akanitazama tena mdomoni akisubiri niongeze kitu. Nikamsogezea chumvi.

Alhamisi, 25 Aprili

Nitaandika nitakavyoweza.

Asubuhi hapakuwa na mvua. Mume wangu alikuwa anarudisha gari nyuma kutoka uani. Anarudi nyuma kila siku, njia ni ile ile. Mwalimu naye alikuwa anatoka kwake kwenda kazini, kichanga mgongoni, mwavuli na mkoba mkononi, akakatiza mbele ya geti letu. Hakusikia gari. Kwa nini asikie? Mimi ndiye niliyelifanya lisisikike. Na gari likawa linamwendea, kimya, kama mtu anayenyata.

Nikapiga kelele. Sijawahi kupiga kelele namna ile hata siku nakuzaa. "Simama! Baba, simama!" Nilikuwa hatua chache tu kutoka dirishani kwake, dirisha liko wazi, naliona sikio lake. Halikushtuka. Alikuwa anatazama kioo cha upande mwingine, ametulia, anarudi nyuma. Muuza maziwa ng'ambo ya barabara alisikia, mbwa wa nyumba ya pili walisikia. Mume wangu hakusikia.

Nilikimbia, nikapiga ubavu wa gari kwa viganja vyote viwili. Hapo akasikia, au tuseme mwili wake ulisikia, maana alikanyaga breki. Mwalimu alikuwa ameshajirusha pembeni, yuko magotini kwenye tope, mwavuli umevunjika, mkono mmoja nyuma umemshika mtoto. Mtoto hana hata mkwaruzo. Alikuwa anacheka, anadhani ni mchezo.

Mume wangu alishuka akaona. Akamwinua Mwalimu, akampangusa tope magotini kwa mikono yake, anasema samahani, samahani mwanangu, kwa ile sauti kubwa, barabara nzima inasikia. Mwalimu alikuwa analia na kusema, "Mama amekuita! Mzee, Mama amekuita sana!" Na mume wangu akamjibu, "Haya, haya."

Hapo ndipo nilipoelewa lile neno.

Walipoondoka, alikaa kwenye ngazi ya baraza, mgongo kwangu. Nikasimama nyuma yake. Sikutaka kufanya nilichokifanya, lakini nilitaka kujua. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Baba." Kimya. Nikasema, "Nyumba inaungua." Akakuna goti. Nikasema, "Nakupenda, mzee wangu, na nimekuwa mjinga masika nzima." Akaendelea kutazama geti lisilo na bawaba.

Kwa hiyo habari ya geti haikuwahi kumfikia. Wala ya rangi ya bluu, wala ya dada yangu, wala ya siku ile niliposema achague. Mimi nilikuwa najipongeza kwa mume mpole, na mume wangu alikuwa hayupo kwenye mazungumzo. Alikuwa anaona mdomo wangu unacheza, anakisia kwamba ni swali, anatupa lile neno kwa sababu ndilo lisilovunja kitu. Na mvua ikamfichia. Chini ya bati lile sote tulikuwa viziwi, nani angemjua mmoja aliye kiziwi kweli?

Nilimshika mkono, nikamwingiza ndani ya pikapu, nikafunga madirisha. Nikasogeza mdomo kwenye sikio lake.

"Tangu lini?"

Hakuuliza tangu lini nini. Alitazama usukani.

"Sijui. Lilikwenda polepole. Sikio la dirishani kwanza, likafuata hili."

"Na ile spoti?"

"Ile nilikuwa naisikia. Hapa." Akajipiga kifuani. "Na kwenye gia, mkononi. Mama, mimi gari naliendesha kwa kulisikia, sijui namna nyingine. Ile sailensa ya zamani ilivyooza ndivyo masikio yalivyopungua, vikaenda pamoja, nikawa sijagundua. Hii yako ulipoifunga niliketi humu nikaona gari limekufa. Nazungusha ufunguo sijui limewaka au bado."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungemwambia mtoto. Mtoto angesema nikabidhi ufunguo. Alishasema nipumzike nikiwa mzima, sasa akisikia hivi?" Akapitisha kiganja kwenye usukani. "Nikitoka humu mimi ni nani? Nitakaa barazani nikushikie uzi?"

Halafu akasema, "Ningemkanyaga yule mtoto," na akalia. Sijawahi kumwona baba yako akilia. Nililia naye. Madirisha yaliingia ukungu, hakuna aliyetuona.

Baadaye aliuchomoa ufunguo mwenyewe, akaniwekea kiganjani. Sikumwomba.

Ijumaa, 26 Aprili

Binti yangu, nimesoma tena yote niliyoandika tangu mwanzo. Ulisema niandike mashtaka ya baba yako. Sasa ukija kusoma, anza na ukurasa wa jana kisha urudi nyuma. Sitakuficha kitu. Ila nakuomba jambo moja: usiseme neno kuhusu ufunguo mpaka masikio yake yapimwe. Ufunguo ninao mimi, ndani ya kopo la vifungo.

Na kuhusu simu, hana kinyongo na wewe. Alikuwa hakusikii, akaona aibu. Jana aliniuliza sauti yako siku hizi ikoje.

Jumanne, 30 Aprili

Seremala amechukua dereva mwingine kwa sasa. Mvua imerudi, nyepesi. Mume wangu ameweka bawaba mpya kwenye geti. Sasa amehamia kwenye miguu ya meza yangu. Kila kitu humu ndani kinapigwa msumari.

Jumapili, 5 Mei

Umekuja. Umekaa karibu naye kutwa, unamshika mkono, unamwandikia maneno makubwa kwenye karatasi za mifano yangu ya mashati. Nimewasikia mkicheka. Ahsante kwa kutosema kuhusu ufunguo. Najua neno lilikuwa mdomoni.

Jumatatu, 6 Mei

Hii ulikuwepo lakini naandika, kwa sababu nataka iwepo mahali.

Daktari wa masikio alimkalisha kwenye chumba kidogo, akamvisha vile vya kusikilizia vya kichwani, akamwambia kila akisikia mlio anyooshe kidole. Mume wangu akawa ananyoosha vizuri sana. Kidole juu, kidole juu, anashangaza. Daktari akatazama mashine yake, akatutazama sisi. "Ana masikio ya kijana," akasema. Wewe ndiye uliyegundua. Ukanong'ona, "Mama, mtazame macho."

Alikuwa anatazama kioo cha kabati! Daktari akibonyeza kitufe, bega lake linacheza kwenye kioo, na mzee ananyoosha kidole. Dereva wa pikapu, kazi yake ni kutazama vioo.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akamgeuza na kiti chake, akamtazamisha ukutani. Na kidole kikalala gotini, kikalala, kikalala. Hapo sikucheka tena. Nilikuwa naona ule mgongo umenyooka, anasubiri kwa nguvu zake zote, na hakuna kinachomfikia.

Sikio la dirishani limekwenda karibu lote. La pili limebaki nusu. Atawekewa kifaa kwenye hili lenye nusu. Kuendesha, daktari alisema ataweza akishakizoea, baada ya kupimwa tena, vioo vikubwa pande zote, na asirudi nyuma bila mtu wa kumwongoza. Alisema hayo polepole, anamtazama usoni. Mume wangu hakujibu lile neno lake. Alisema, "Rudia hapo kwenye vioo."

Jumamosi, 18 Mei

Amevaa kifaa siku ya tatu leo, na hatuna amani. Kijiko kinapiga kelele. Mlango unapiga kelele. Jana alisimama mbele ya cherehani yangu kwa masikitiko.

"Hii mashine inalia hivi siku zote?"

"Tangu tuoane."

"Na ulikuwa unanisema mimi kwa sailensa!"

Leo kijana mmoja amepita barabarani na pikipiki yenye bomba wazi. Mume wangu aliziba sikio, akasema hakuna adabu tena duniani. Nilimtazama tu.

Jumatano, 22 Mei

Amepimwa tena. Ameruhusiwa. Nilimrudishia ufunguo mezani, kwenye kisahani. Hakuuchukua mara moja. Alimaliza chai yake, akanawa mikono, ndipo akauchukua.

Mwalimu amesema atakuwa anasimama getini kumwongoza kurudi nyuma, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, yeye na kichanga. Nilimwambia si lazima. Akasema, "Mama, afadhali niwe mbele ya vioo vyake kuliko nyuma." Ana ulimi, nimeshasema.

Jumamosi, 25 Mei

Mvua zimekwisha, vumbi limeanza. Leo tumekwenda kwa Fundi Moshi.

Mume wangu alitaka kuchagua sailensa upya. Ile ndefu haifai, alisema. Ni kimya mno, hata mwenye masikio mazima anakatiza nyuma yake, tumeona. Na ya spoti hataki kuiona, aliuliza ni nani aliyemruhusu kuinunua. Fundi Moshi akawa anatafuta kitu cha kuangalia chini.

Ikabaki ile ya wastani yenye kikopo kidogo mbele. Fundi akaifunga, gari likawashwa, tukaingia wote wawili, mimi upande wa abiria. Ikawa na mvumo wa chini, si mbaya. Mume wangu akashika gia, akafumba macho, akainamisha kichwa, safari hii akakiinamisha upande wangu.

"Fundi, toa kile kikopo kidogo," akasema. "Ibaki kubwa peke yake."

Kikatolewa. Mvumo ukapanda kidogo, unausikia kwenye kiti. Alitabasamu. Mimi nikasema kikopo kirudishwe, kichanga kipo, na mteja wangu wa mapazia analalamika. Akasema kichanga kitazoea, na mtu akiwa nyuma ya gari lazima alisikie. Nikasema si ndiyo maana kuna Mwalimu getini. Akasema Mwalimu hatakuwa getini kwa kila mteja wa makochi mji mzima. Hapo alikuwa na haki, na hicho ndicho kilichoniudhi. Nikageuka dirishani upande wangu. Injini inaunguruma, Fundi anagonga chini. Masika nzima nimejizoeza kumsema mume wangu mbele yake, na mdomo ukaenda wenyewe. Nikanong'ona, "Kichwa ngumu huyu, Mungu aliniona."

"Nani kichwa ngumu?"

Niligeuka. Hakuwa ananitazama mdomoni. Alikuwa anatazama barabarani, mkono kwenye gia, amenuna.

"Nimeuliza, nani kichwa ngumu? Mimi? Mimi na wewe uliyeiba gari langu nikiwa nakula?"

Akageuka akaniona machozi, akashtuka, akauliza kama ameniumiza. Nikamwambia ndiyo, ameniumiza sana, na kile kikopo kinarudi. Akasema hakirudi. Fundi Moshi alisubiri kidogo na spana mkononi, kisha akaenda kunywa chai kwa muuza viatu.

Tumebishana mpaka nyumbani, kwa sauti za kawaida, madirisha wazi. Kikopo hakikurudi.